Hapakuwa na cha Kukata

3 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Watu husema barua ni nusu ya kuonana. Hii ihesabu robo tu, maana tangu nikuandikie mara ya mwisho umeshabadilisha kalenda ukutani mara mbili. Sina cha kujitetea. Ningepiga simu, lakini nakujua: simu kwako ni ya kazini, ikilia nyumbani unadhani mtu amekufa.

Mimi ni mzima. Nimehamia chumba cha ghorofa ya nne, juu ya mshona viatu. Nyundo yake inaanza saa mbili asubuhi, na ndiyo inayoniamsha. Nywele zimeanza kunitoka mbele kama za Baba. Bado sijaoa, usiulize. Mguu wako vipi? Na yule jirani yako nesi, bado anaimba akianika nguo?

Sasa neno lenyewe. Nimepata mtu wa kugharamia filamu. Filamu yangu mwenyewe, Shangazi, si tangazo la sabuni wala harusi ya watu. Inaitwa *Mgombea Hafi*. Ni filamu ya mauaji. Kuna muuaji anayevaa barakoa iliyokatwa kwenye bango la uchaguzi, lile tabasamu la meno thelathini na mawili, naye anawafuata mmoja mmoja wananchi waliothubutu kuuliza ahadi zimefika wapi. Aliyeuliza maji anazamishwa kwenye pipa. Aliyeuliza barabara anafukiwa kwenye shimo la barabara hiyo hiyo. Watu watacheka, watapiga mayowe, na wakifika nyumbani watakuta kuna kitu kimewakwama kooni. Hayo ndiyo matumaini yangu.

Ndani yake kuna mwalimu. Anafanya mzaha mmoja darasani, na kwa mzaha huo anajiwa. Unajua ni nani. Nilikuwa na miaka saba Baba alipochukuliwa shuleni akiwa na chaki mkononi, na minane aliporudi. Miaka yote tuliyoishi kwako baada ya hapo, mimi na yeye, hakuniambia alisema nini. Nilimuuliza mara mbili. Ya tatu niliogopa, na sasa ni mwaka wa sita tangu tumzike.

Wewe siku zile ulikuwa mpiga taipu kwenye jengo lile lile walikompeleka, kabla hawajakuhamishia ukaguzi wa filamu. Lazima uliusikia. Ulikuwa mzaha gani, Shangazi?

Nakuuliza kama mtoto wa kaka yako. Nisaidie.

Wako,
Kasuku


29 Machi

Mwanangu Kasuku,

Marahaba. Barua yako imekaa siku kumi na tano posta na siku kumi na moja juu ya kabati langu. Zile za posta si kosa langu.

Nipo, namshukuru Mungu. Mguu unanitabiria mvua kabla ya redio. Nesi haimbi tena. Amehama, na chumba chake amekichukua mtu anayefunga mlango taratibu mno, hata sijui hutoka saa ngapi. Chumba cha baba yako nimekiacha kilivyo, nakifungulia dirisha kila Jumapili. Jiko nimelipaka rangi ya kijani. Nilijuta siku ile ile, ila hakuna wa kunicheka, basi nimeizoea.

Kazini ni yale yale: ghorofa ya tatu, pazia zito, kiti kimoja, taa ndogo ya mezani, na fomu. Damu, lugha, mavazi, siasa. Huu mwaka wa ishirini na tatu najaza visanduku hivyo. Umebaki mwaka mmoja na ushee nistaafu.

Umeniuliza jambo. Sikumbuki. Ni zamani, na kwenye jengo lile masikio yalisikia mengi. Usinirudishe huko tena.

Halafu fikiri kidogo. Filamu yako ikiisha itapita wapi? Itapanda ngazi zile zile mpaka mezani kwangu, au kwa mwenzangu wa chumba cha pili, ambaye akiona bango la uchaguzi tu mkono umeshafika kwenye mkasi. Pale ofisini hakuna anayejua wewe ni damu yangu. Jina unalotumia ni la upande wa mama yako. Na ibaki hivyo. Tuandikiane habari za nyumbani.

Huyo mwalimu ataigizwa na nani? Asiwe kijana. Na kola yake iwe imenyooka. Baba yako hata alipokuwa na shati moja kwa siku kumi na sita, kola aliinyoosha kwa vidole kila asubuhi.

Shangazi yako


20 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Pole kwa mguu, na hongera kwa jiko. Nikija nitakucheka mimi, usiwe na wasiwasi.

Huku kwangu nimepona mafua yaliyonishika mwezi mzima. Mshona viatu amepata mjukuu na siku hizi anapiga nyundo kwa mahadhi. Hizo ndizo habari za nyumbani. Sasa niruhusu za kazi, maana sina mwingine wa kumwambia. Watu ninaofanya nao kazi wananiita bosi, na mtu anayeitwa bosi hana wa kumweleza kitu.

Tunapigia picha kwenye shule iliyofungwa. Damu tunaipika wenyewe: sukari, maji, rangi nyekundu ya keki, na unga kidogo ili isikimbie. Ikikauka inanata kama deni. Siku ya tatu sisimizi walipata habari. Maiti zote zikaanza kujikuna. Maiti ya pili iliinuka katikati ya kilio cha mjane wake ikaomba maji ya kunawa, na mjane naye akaacha kulia akaomba ufagio. Mgharamiaji wetu ni muuza magodoro. Kila akija kututembelea anauliza swali moja tu: "Leo anakufa nani?" Nikimwambia leo hafi mtu, tunapiga picha ya mazungumzo, anatazama saa.

Lakini ile ya mwalimu tumeipata. Mwalimu ni karani mstaafu wa reli, hajawahi kuigiza maishani. Kola yake ilinyooshwa, nilihakikisha. Muuaji anaingia darasani, watoto wanatoka mbio. Hana haraka. Anakaa kwenye dawati la mtoto, magoti yamemfika kifuani, na lile tabasamu la karatasi usoni. Anasema, "Rudia." Mwalimu anarudia mzaha wake. "Rudia." Mara saba. Nililipata kwa Baba neno hilo. Unakumbuka, akiwa na homa alikuwa akisema, "Narudia, mzee, narudia."

Mzaha wenyewe nimeutunga mimi, kwa kuwa wa kweli sikupewa. Si mzuri sana. Mara ya kwanza watu wa kamera walicheka. Mara ya saba hakuna aliyekuwa akipumua. Mshika taa alijifuta macho, akasingizia vumbi. Shangazi, hakuna hata tone la damu kwenye kipande hicho, na ndicho cha kutisha kuliko vyote.

Tutaileta ofisini kwenu Julai.

Wako,
Kasuku


14 Juni

Mwanangu,

Salamu. Mimi mzima. Mvua imeingia jikoni, nimeweka sufuria.

Nilikuomba tuandikiane habari za nyumbani, nawe umeniletea maiti na sisimizi. Barua zako zinapita mikononi mwa watu kabla ya kufika kwangu, hilo ulijue.

Mwenzangu wa chumba cha pili anakwenda likizo Julai. Filamu zote za mwezi huo zitakuwa mezani kwangu. Usiniandikie tena juu ya hiyo yako mpaka niwe nimeiona.

Wewe fanya kazi yako, na mimi nitafanya yangu.

Shangazi yako


9 Agosti

Kasuku,

Hujambo? Mimi sijambo. Fundi amekuja kuziba paa, ameziba pale pasipovuja.

Filamu yako niliitazama Jumanne. Jumatano nikaitazama tena, nikidhani labda nilisinzia mahali. Sikusinzia. Nitakwambia nilichokiona, kwa kuwa wengine watakupigia makofi mbele na kukusema nyuma, na mimi nimekulea.

Umeua watu kumi na tisa na sikumlilia hata mmoja. Nilijaribu. Huyu wa pipa la maji, sikumjua ni nani. Alitokea akiwa ameshalowa. Yule mama wa barabara aliuliza swali lake huku ameshafukiwa mpaka shingoni. Hakuna aliyepewa hata nafasi ya kunywa chai kabla ya kufa. Damu ni nyingi kiasi kwamba dakika ya arubaini niliacha kuiona, kama mtu anavyoacha kusikia feni. Na mgombea wako ni nani? Hana cheo, hana chama, hana hata kosa moja alilolifanya ofisini. Ni mbaya kwa sababu amevaa barakoa. Anasimama jukwaani anasema, "Nawapenda mpaka damu," basi hiyo ndiyo kejeli. Makarani wetu husema makali kuliko hayo lifti inapokwama.

Ukitaka kutisha, tisha. Ukitaka kusema, sema. Wewe umesimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje, ukamwaga ndoo ya damu ili tusione umesimama wapi.

Na mwalimu yuko wapi? Nilimngoja. Anatokea kwenye korido na chaki, hajafika hata darasani, kichwa kimeshaondoka. Sekunde nne. Kola ilikuwa imenyooka, nakupa hiyo.

Ulitaka kujua kazi yangu. Nilijaza fomu. Damu: nyingi, ya kuigiza, kwa watu wazima. Siasa: hakuna. Sikukata hata sekunde moja. Hapakuwa na cha kukata.

Shangazi yako


30 Septemba

Mwanangu,

Sijapata jibu lako. Sikulaumu, nami nina zile siku kumi na moja za juu ya kabati.

Afya yangu ni nzuri. Jirani anayefunga mlango taratibu nilikutana naye ngazini. Ni mzee kuliko nilivyofikiri, anafundisha hesabu jioni. Tuliamkiana tukapishana.

Jumapili mchana nilikwenda kuitazama filamu yako ukumbini, kwa tiketi, kama watu. Nilitaka kuona kama nilikosea. Tulikuwa tisa. Wasichana watatu walicheka kila kichwa kilipodondoka, wakihesabu kwa sauti. Mzee mmoja alilala. Kijana na mchumba wake walitoka kabla ya nusu. Mwingine, mtu wa makamo aliyebeba mkoba wa vifaa vya umeme, alinyanyuka baada ya ile hotuba ya jukwaani, na alipokuwa akinipita akaniambia, sijui kwa nini mimi, "Nilidhani watamsema mtu."

Nilikaa mpaka majina yakaanza kupanda. Jina lako lilikuja la mwisho, kubwa, peke yake. Nilikuwa nimebaki mimi na mfagiaji. Aliniambia, "Mama, imeisha." Nikamwambia najua, namngoja mtu. Akafagia akinizunguka.

Niandikie hata la kunitukana.

Shangazi yako


17 Oktoba

Shangazi,

Shikamoo. Mimi mzima. Hayo yatoshe kwa habari za nyumbani.

Filamu iliondolewa kwenye kumbi baada ya siku kumi. Gazeti moja liliandika kwamba ni mbwa anayebweka huku amefungwa mdomo. Muuza magodoro hapokei simu zangu. Nimerudi kupiga picha za harusi. Jumamosi iliyopita bwana harusi aliniuliza kama mimi ndiye yule wa filamu ya vichwa, kisha akaniomba nisimwonyeshe mama yake.

Sasa nikujibu. Kipande cha mwalimu kilikuwepo. Dakika kumi na moja. Nilikitoa mimi.

Ulisema nifanye kazi yangu, nawe utafanya yako. Kazi yako naijua, Shangazi. Nimelelewa nayo. Ulikuwa ukileta nyumbani vipande vya filamu ulivyokata, mimi navibandika dirishani navitazama kwa mwanga wa jua: mkono wa mtu, mdomo uliofunguka nusu, mtu ameinama mezani, basi. Ndivyo nilivyojifunza sinema, kwa yale watu waliyokatazwa kuyaona. Nilipoisoma barua yako ya Juni niliona mambo mawili tu. Ama utamkata Baba kwa mkono wako mwenyewe, ukiwa peke yako kwenye kile chumba chenye pazia. Ama utamwacha, na watakuondoa kazini mwaka mmoja kabla hujastaafu, uzeeke kwenye jiko la kijani bila mtu. Sikuweza hilo la kwanza wala la pili.

Nikamwambia mhariri aende akanywe chai. Nikakaa kwenye kiti chake nikamtoa mwalimu. Nilipomtoa, yaliyobaki yote yakawa hayana mguu, maana yalikuwa yakimwegemea yeye. Nikaitoa hotuba ndefu, nikautoa mkutano wa wazazi, nikamtoa yule mama akiuliza barabara. Muuza magodoro alifurahi, akasema mapengo tuyajaze damu. Tukapika nyingine.

Kwa hiyo usiniambie hapakuwa na cha kukata. Nilikukatia mimi, ili wewe usikate. Na ukaja kunicheka kwa barua.

Kasuku


5 Novemba

Mwanangu,

Sina habari za nyumbani leo.

Siku ile ya Jumanne nilikwenda kazini na barua ya kuacha kazi mkobani. Niliiandika Juni. Ndiyo kazi niliyokuwa nikiisema: kuipitisha filamu yako nzima, bila kuguswa, kisha kuweka barua ile juu ya fomu na kushuka ngazi. Sikuweza kukuandikia wazi kwa sababu ya posta. Nilidhani utanielewa. Ningejua vipi kwamba neno lililonitoka kama ahadi lingekufikia kama tishio? Miaka ishirini na tatu nimekuwa nikisoma walichokusudia watu bila kukisema, na wewe nikashindwa kukuandikia sentensi moja.

Sikukucheka. Nilikuwa nimekata tamaa, na hasira nikazimalizia kwako.

Uliniuliza mzaha wa baba yako, nikakujibu sikumbuki. Naukumbuka. Niliupiga taipu kila asubuhi kwa siku kumi na sita, nakala tano na kaboni.

Hakikuwa mzaha hasa. Kilikuwa kitendawili alichowategea watoto wa darasa la tano: "Kiti kimechoka, aliyekikalia hajachoka." Jibu ni mwenyekiti, na siku zile mwenyekiti wa nchi alikuwa mmoja tu. Watoto walicheka, mmoja akakipeleka nyumbani, mzazi akakipeleka mbele. Ni hicho tu.

Alipoletwa ghorofa ya chini, mimi ndiye mpiga taipu wa zamu. Aliponiona hakunijua. Nakwambia aliangalia ukuta nyuma yangu kana kwamba mimi ni kabati. Alijua wakigundua mimi ni dada yake sitarudi nyumbani. Afisa alikuwa mtu wa miwani, mpole, mwenye kukohoa. Akamwambia, "Sema ulichosema darasani."

Baba yako akasema, "Kitendawili." Akangoja.

"Endelea."

"Siwezi, mzee, mpaka useme tega."

Afisa akakohoa, akasema, "Tega."

"Kiti kimechoka, aliyekikalia hajachoka."

"Jibu lake?"

"Nipe mji, mzee."

Unajua kanuni: asiyeweza kukitegua hutoa mji. Na yule afisa, Kasuku, akafikiri. Akafikiri kweli, akaangalia dari, halafu akampa mji wake mwenyewe, kule alikozaliwa, kwa uso wa mtu anayetia saini. Baba yako akamshukuru.

Nikacheka. Kilinitoka tu, kwa sauti, mikono ikiwa juu ya mashine.

Afisa alivua miwani akanitazama muda mrefu. Kisha akaandika kwa mkono wake chini ya karatasi yangu: "Maneno haya yamemchekesha hata mtumishi mwaminifu." Kabla ya hapo lilikuwa suala la onyo na kuhamishwa shule. Baada ya hapo ikawa miezi kumi na mmoja. Kila asubuhi aliletwa, akaambiwa arudie, mimi nikipiga taipu, mpaka ithibitike hakichekeshi tena. Alidai tega kila siku. Siku ya kumi na sita hakudai. Alikisema chote kwa mkupuo, jibu na yote, kama anasoma namba. Hapo ndipo waliporidhika, wakampeleka kwingine.

Mwezi uliofuata nikapata barua ya uhamisho kuja ukaguzi wa filamu. Ilisema nina hisi nzuri ya kutambua yanayochekesha. Niliikubali. Nilikuwa na wewe wa kukulisha, mama yako alikuwa ameshaondoka.

Baba yako aliishi kwangu miaka kumi na sita. Tulikula meza moja. Hakuniuliza kwa nini nilicheka, wala mimi sikumwambia nisamehe. Nilimpigia pasi mashati, akayapiga tena.

Sasa umepewa. Fanya nalo unalotaka.

Shangazi yako


11 Desemba

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini mguu haujambo na kwamba fundi amerudi kuziba panapovuja.

Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni kwa mshona viatu, nikapanda, nikaiweka kwenye droo, na kwa wiki mbili sikuweza kuutazama mwandiko wako. Sitakudanganya. Nilikasirika. Nilihesabu chakula chote nilichokula mezani kwako. Nilikumbuka nikivibandika vile vipande dirishani na wewe umesimama nyuma yangu unanionyesha, "Huyu anacheka, unaona?" Nikataka kukuandikia maneno ambayo sasa nashukuru sikuyaandika.

Halafu nilikwenda kwa mhariri nikamwomba aniwekee kipande cha mwalimu, zile dakika kumi na moja. Tulikitazama sisi wawili. Karani wa reli anajitahidi, masikini. Ila niliona mara moja kilichopungua. Chumbani mle kuna muuaji na mwalimu tu. Hakuna anayesikia. Mtu akirudia maneno yake mbele ya muuaji peke yake, hayo ni mateso tu, mtazamaji ataumia na kusahau. Nilifanya kosa lile lile uliloniandikia Agosti: mtu anaumizwa na hakuna wa kumlilia.

Na kuna jambo sikukwambia, kwa sababu sikujua linakuhusu. Wiki ya mwisho ya Baba hospitalini, wewe ulikuwa umekwenda kuchukua dawa chini, alinishika mkono, akasema vizuri kabisa, si kwa homa: "Mle ndani palikuwa na mtu mmoja aliyecheka." Nikamuuliza nani. Akatikisa kichwa. Akasema, "Wangenimaliza, wangenifanya niamini nilisema ujinga. Lakini nilimsikia akicheka. Kwa hiyo kilikuwa kizuri." Kisha wewe ukaingia na dawa, akageukia ukuta.

Hakukutaja mpaka mwisho. Nadhani bado alikuwa akikuficha ili yule afisa asikujue.

Siwezi kusema nimekusamehe, kwa sababu sijui kama ni mimi wa kusamehe. Ninaandika upya. Hakuna barakoa, hakuna ndoo. Chumba kimoja, watu watatu, mashine ya taipu. Muuza magodoro hataki kuisikia, nitatafuta mwingine au nitaipiga kwa kamera ya harusi. Nitakuja Januari, nikae chumba cha Baba kama utaniruhusu. Kabla sijaja nisaidie kitu kimoja, maana nachora chumba na sikipati: mlango ulikuwa upande gani?

Wako,
Kasuku


2 Januari

Mwanangu Kasuku,

Marahaba, tena marahaba. Chumba nimekifagia. Fundi amerudi, safari hii ameziba panapovuja na kufungua pengine.

Jumatatu nilimpelekea mkuu wangu ile barua iliyokaa mkobani tangu Juni. Aliniuliza nina nini, mbona umebaki muda mfupi tu. Nikamwambia nimechoka kuhesabu damu za sukari. Hakuelewa, akanitakia heri. Nimeshuka ngazi bila haraka, mguu nao. Sasa asubuhi ni ndefu. Mwalimu wa hesabu amenigongea akaniuliza kama kuna tatizo, kwa kuwa hajazoea kunisikia mchana. Tukanywa chai.

Niliisoma barua yako mara nyingi kuliko ninavyopenda kukwambia. Sikulia pale palipostahili. Nililia kwenye neno "dawa," kwa sababu siku ile duka lilikuwa na foleni, nikasimama nikinung'unika, na kumbe juu yule alikuwa akinisema.

Umeuliza mlango. Baba yako alikaa kutazama dirisha, dirisha lina nondo. Afisa alikaa kutazamana naye. Meza yangu ilikuwa ya pembeni, na mlango ulikuwa mkono wangu wa kulia, karibu kiasi kwamba akiingia mtu ilibidi nivute kiti. Ulikuwa na ufunguo lakini mchana haukufungwa, siku zote kumi na sita. Mimi ndiye niliyekuwa karibu nao kuliko wote.

Usiliache hilo. Liweke waone.

Shangazi yako